Kabla hujaanza upanga wa Kijapani, muulize mwalimu kafundishwa na nani

Naulizwa sana na vijana wetu huku Ulaya, eti kaka na mimi nataka upanga, nianzie wapi. Mimi nafanya Katori Shinto-ryu, shule ya zamani ya upanga wa Kijapani, mwaka wa sita sasa, na jibu langu ni moja. Muulize mwalimu nani kamfundisha, na huyo naye kafundishwa na nani, mpaka mfike Katori kwenyewe, mkoa wa Chiba, Japani, shule ilikoanzia. Mwalimu wa kweli hakasiriki, anakutajia majina.

Mimi sikuuliza. Nikalipa ada mwaka mzima kwa jamaa mmoja, kumbe kajifunzia kwenye video, na nilipohamia kwa mwalimu wa sasa nikarudi sifuri kabisa, miezi na miezi pigo moja tu, maki-uchi, mkono ushazoea vibaya na haukubali kubadilika. Iliniuma jamani.

Video haitoshi kwa sababu kata za hii shule, yaani mazoezi ya wawili yenye hatua zilizopangwa, maana yake imefichwa makusudi. Unaona wawili wanagonganisha panga za mbao, kumbe lile pigo kihalisi linaenda kwenye kifundo cha mkono au shingo, na hilo unaambiwa na mwalimu akishakuamini. Shule ilianzishwa na Iizasa Ienao karne ya 15, na ukitaka kuingia unakula kiapo cha damu, kwamba hutamwonyesha mtu wa nje hata awe ndugu yako, na kamari hugusi. Wageni wameanza kupokelewa miaka ya 1960, Mmarekani Donn Draeger akiwa wa mwanzo mwanzo, halafu wanafunzi wa walimu wawili wa Kijapani, Otake Risuke na Sugino Yoshio, ndo wakaileta Ulaya. Yaani imefika huku mtu kwa mtu, mkono kwa mkono.

Hizo pande mbili, wa Otake na wa Sugino, kata ileile wanaicheza tofauti kidogo, isikuchanganye, shika upande mmoja. Na usikimbilie kununua upanga, hata wa mbao, wa Katori umenyooka kuliko ule wa kawaida wa madukani, subiri uonyeshwe.

Siku ya kwanza kaa pembeni umwangalie anayepokea mapigo, maana kwetu mkubwa ndo anapokea na mdogo ndo anakata. Mwalimu wangu ni mzee, siku ile alikuwa anampokea binti aliyeanza wiki hiyohiyo, taratibu, anamsogezea upanga pale pale anapotakiwa kukata, anarudia tena na tena bila kuchoka. Nikaomba kujiandikisha palepale.