Qin Shi Huang: dhambi zake, dhambi za mwanawe na chumvi ya waandishi

Maswali ya safari hii yote yanamhusu Qin Shi Huang, mfalme aliyeziunganisha falme za China kwa upanga mwaka 221 K.K. na ambaye jina lake halitajwi bila neno "katili" kufuata nyuma.

Ndugu mwandishi, jibu bila kuzunguka: alikuwa katili au alisingiziwa?

Alikuwa katili, na bado akasingiziwa. Ninachokataa ni kumfanya katili wa pekee, kana kwamba waliomtangulia na waliomfuata walitawala kwa kubembeleza. Wapo wanaomtwika hata mauaji ya vita vya Changping, ambako inasimuliwa kuwa askari 400,000 wa ufalme wa Zhao waliuawa baada ya kusalimu amri. Hayo yalitokea mwaka 260 K.K., mwaka mmoja kabla hajazaliwa, chini ya babu ya baba yake.

Yake mwenyewe yapo. Alizaliwa Handan, mji mkuu wa Zhao, baba yake alipokuwa mateka huko. Jeshi lake lilipouteka mji mwaka 228 K.K., alikwenda mwenyewe, na wote waliokuwa na uhasama na upande wa mama yake wakafukiwa. Hapo huwezi kusingizia maslahi ya dola. Kilikuwa kisasi cha utotoni.

Ni kweli aliwazika wanazuoni 460 wakiwa hai?

Habari hii inatoka kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, chini ya Han, utawala uliojijenga juu ya magofu ya dola ya Qin na uliohitaji sababu ya kuonekana bora. Kwa maelezo yake, mwaka 212 K.K. waganga wawili, Hou na Lu, waliomwahidi mfalme dawa ya kutokufa, walimsema vibaya kisha wakatoroka. Mfalme akaamuru wasomi wa mji mkuu wahojiwe, nao wakatajana, hadi wakauawa zaidi ya 460. Kwa hiyo kiini cha kisa ni mganga na mteja aliyetapeliwa. Lakini waliouawa hawakuwa waganga watupu, maana Sima Qian huyohuyo anasema mwana mkubwa wa mfalme, Fusu, alilalamika kwamba watu hao ni wafuasi wa mafundisho ya mwanafalsafa Confucius. Fusu akapelekwa mpakani kaskazini, kwa jenerali Meng Tian.

Mimi siifuti habari hii. Idadi na namna ya kuua ndivyo ninavyovitilia shaka. Tusisahau pia kwamba Sima Qian alihasiwa kwa amri ya mfalme wake mwenyewe, Wu wa Han, baada ya kumtetea jenerali aliyeshindwa vitani. Wapo wanaohisi kwamba alipomwandika Qin Shi Huang jicho moja lilikuwa kwa bwana wake, nami ni mmoja wao.

Na vitabu alivyochoma?

Alichoma, mwaka 213 K.K., kwa ushauri wa waziri wake Li Si. Vya tiba, kilimo na kupiga ramli viliachwa, na wasomi wa serikali waliruhusiwa kubaki na nakala zao. Miaka saba baadaye mwasi Xiang Yu aliyateketeza majumba ya kifalme ya Xianyang, mji mkuu wa Qin, na huenda maktaba iliangamia humo. Huyo halaumiwi sana.

Nimesoma kwamba chini yake mtu aliyechelewa kazini aliuawa. Kweli?

Hapa ndipo patamu. Mwaka 209 K.K., mfalme akiwa ameshakufa, wanaume 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka walikwama kwa mvua. Viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, waliwaambia kuwa adhabu ya kuchelewa ni kifo, basi heri kuasi. Uasi huo ndio uliofungua njia ya kuanguka kwa Qin.

Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la afisa wa ngazi ya chini wa Qin, limejaa vipande vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye maandishi, vingi vikiwa vya sheria. Kwa shokoa, yaani kazi ya lazima ya serikali, aliyechelewa siku 3 hadi 5 alikaripiwa. Siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja. Kuzidi hapo, deraya moja. Mvua ikinyesha, kazi inafutwa. Wapo wanaojibu kwamba ulinzi wa mpaka ulikuwa na sheria yake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini hata kiongozi wa uasi ana kila sababu ya kuwatisha watu wake.

Usidhani basi mianzi hiyo inamsafisha. Imo adhabu ya kuchanjwa alama usoni, kukatwa pua, kukatwa mguu. Aliyeiba majani ya mforsadi yasiyofikia thamani ya sarafu moja alifanyishwa kazi siku 30. Na Han, waliomlaani? Sheria zao za mwaka 186 K.K., zilizopatikana Zhangjiashan, mkoani humohumo, zinafanana mno na zake.

Mafundi wa kaburi lake walifungiwa ndani?

Sima Qian anasema hivyo, na kwamba masuria wasio na watoto waliuawa wamfuate. Ila aliyeamuru ni mwanawe Huhai, aliyenyakua kiti kwa hila za Zhao Gao, mtumishi wa ikulu, na waziri Li Si, kisha akawamaliza ndugu zake. Deni la baba mwenyewe ni vibarua waliolijenga. Karibu na kaburi hilo wachimbaji walikuta makaburi ya wafanyakazi, baadhi wakiwa na vipande vya vigae vilivyochorwa jina na kwao. Wengine walikuwa watu waliokuwa wakilipa faini kwa jasho lao.

Mao alimsifu kweli?

Ndiyo. Mwaka 1958 kiongozi huyo wa China alijigamba kwamba Qin Shi Huang alizika wasomi 460 tu, wao wakomunisti wamezika 46,000. Mwaka 1974 kampeni ya kumshutumu Confucius, na kumpamba Qin, ilikuwa imepamba moto wakulima wa Lintong walipochimba kisima na kukutana na askari wa udongo wa kaburi lake.