Akilia kwenye kiti cha msusi, mwondoe

Dada, usimpeleke. Umeandika kwamba binti yako ana miaka mitano, kwamba atashika maua kwenye harusi ya shangazi yake huko Kakamega mwezi wa Desemba, na kwamba unatafuta mtindo rahisi wenye shanga na nywele za rangi utakaokaa mwezi mzima mpaka Krismasi ipite. Umeuliza kuhusu bei, kuhusu rangi ya shanga itakayopatana na gauni la dhahabu, na kama ni lazima nywele zipulizwe moto kwanza. Kisha, katikati ya hayo yote, umetaja kama jambo dogo tu kwamba msusi wako wa Kondele amekwambia ni lazima avute vizuri mbele ili matuta yasilegee, na kwamba mtoto akilia siku mbili za kwanza ni kawaida. Hilo ndilo lililonifanya niache kazi zangu nikae kukuandikia.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Kisumu, binti yangu alipokuwa na miaka minne. Leo ana minane, na kwenye panja la kulia ana sehemu tupu yenye upana wa sarafu ya shilingi ishirini, ambayo daktari wa ngozi ameniambia wazi kwamba haitaota nywele tena.

Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Agosti. Msusi alimkalisha mwanangu kwenye kigoda, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake, akaanza saa tatu asubuhi na kumaliza saa tisa alasiri. Kila tuta lilianzishwa kwa nywele za mtoto chache mno, kisha likaongezewa fungu la nywele za bandia lililokuwa zito kuliko nywele zilizolibeba, na mwishoni likavishwa shanga sita au saba za plastiki. Siku ya kufumua nilizihesabu shanga hizo ndani ya bakuli, zikawa 412. Hebu mfikirie mtoto wa miaka minne akikimbia, akiruka kamba na kugeuza kichwa huku na huku, na kila anapogeuka uzito wote huo unaning'inia kwenye nywele laini za panjani ambazo ni nyembamba kama vinyweleo vya mkononi.

Alilia, na mimi nilimshika mikono. Nilimshika mikono ili atulie! Msusi alinitupia methali, kwamba mtaka uzuri hudhurika, na wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao wakaitikia. Nimeifikiria methali hiyo mara nyingi tangu siku ile. Inamhusu anayeutaka uzuri, na mwanangu hakutaka uzuri wowote. Alitaka kushuka kwenye kile kigoda akacheze. Aliyeutaka uzuri nilikuwa mimi, na aliyedhurika ni yeye.

Usiku ule alilala kifudifudi kwa sababu hakuweza kulaza kisogo kwenye mto. Nilipommulika kwa simu niliona nyusi zimepanda, ngozi ya paji la uso imenyooka hadi inameremeta, na kope hazikukutana vizuri. Siku ya tatu vikatoka vipele vidogo vyenye ncha nyeupe, vimejipanga kwenye mistari ya matuta kama vimepandwa. Nilimpigia msusi simu, naye akasema kwamba hilo ni joto la kawaida, nipake mafuta ya mgando. Nikapaka. Nilipofumua baada ya wiki tano, tuta moja la mbele lilibaki mkononi mwangu zima, na kwenye mizizi ya nywele zake kulikuwa na vijipunje vyeupe kama chembe za sukari.

Hata hapo sikukoma, na ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Nilirudi kwa msusi yule yule kumwonyesha, akanieleza kwamba nywele za mtoto ni kipilipili, kwamba ni kavu na kaidi, na kwamba zikivutwa ndipo hukua. Nilimwamini kwa sababu alikuwa amesuka vichwa vingi na mimi nilikuwa mama wa mtoto mmoja. Nikamrudisha likizo ya Desemba, na ya Aprili, na ya Agosti tena, kwa muda wa miaka miwili, na katikati ya likizo nilimpeleka arudiwe matuta ya mbele pekee yakionekana kuchakaa. Sehemu ilipokuwa ikipungua nywele, alianzisha tuta nyuma kidogo ili pasionekane, na mimi nikalipia kazi hiyo shilingi 1,800 kila mara.

Daktari alinieleza kwa dakika kumi yale ambayo sikuwa nimeelezwa kwa miaka miwili. Nywele huota kutoka kwenye vifuko vidogo vilivyo ndani ya ngozi. Zikivutwa muda mrefu, kifuko huvimba, na vile vipele na yale maumivu ndiyo dalili yake ya kwanza. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa. Ukiendelea, kifuko hugeuka kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi, wala ya mnyonyo, wala dawa yoyote ya dukani itakayolifanya kovu liote nywele. Madaktari huiita hali hiyo alopesia ya mvutano. Nilipomwambia kwamba nimeambiwa kosa ni la nywele zetu za kipilipili, alinijibu kwamba maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa huu yaliandikwa mwaka 1907 kuhusu wanawake wa Greenland, ambao nywele zao ni ndefu na zimenyooka, lakini walikuwa wakizifunga utosini kwa kuzikaza mno. Kosa halikuwa la nywele za mwanangu hata siku moja.

Kwa hiyo nakuomba ushike jambo hili moja hata ukiyasahau mengine: usukaji hautakiwi kumuuma mtoto. Kabla hajainuka kwenye kiti, mwambie apandishe nyusi, afumbe macho kabisa, kisha ainamishe kidevu mpaka kiguse kifua. Akikunja uso, tuta linalomvuta lifumuliwe pale pale, msusi akinuna na anune. Mkifika nyumbani ukaona vipele, au akikataa kulalia upande mmoja, fumua usiku huo huo, hata kama umelipa, hata kama harusi ni kesho. Mtoto hajui kusema kwamba vifuko vya nywele zake vimevimba. Anajua kulia tu, na ukimfundisha kwamba kulia huko ni utovu wa adabu, umejiondolea mlinzi wa pekee uliyekuwa naye.

Mtindo wenyewe ni rahisi na hauhitaji msusi. Sisi siku hizi tunasuka matuta manane makubwa kwa nywele zake mwenyewe, bila kuongeza chochote. Nyunyiza maji, paka mafuta kidogo, chana kwa chanuo lenye meno mapana ukianzia kwenye ncha, gawanya, kisha anza kila tuta kwa mkono mwepesi, ukiacha zile nywele laini za pembeni zikae huru bila kuzikusanya. Matuta yaelekee utosini, lakini usiyafunge kwa pamoja kwa kuyakaza, kwa maana huko ni kuvuta kwa mara ya pili. Pambo liwe kwenye ncha: ushanga mmoja au shanga mbili kwa kila tuta, au utepe wa dhahabu unaofanana na gauni, ambao ni mwepesi na hupita katikati ya tuta ukiuvuta polepole kwa sindano butu ya kufumia. Mipira midogo ya kufungia usiichomoe wakati wa kufumua. Ikate kwa mkasi. Na kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, acha shanga kabisa, kwa sababu hudondoka, naye ataziokota na kuzitia puani au mdomoni.

Mtindo huu hautakaa mwezi mzima. Utakaa wiki moja, pengine siku kumi akilala na kitambaa laini kichwani, na baada ya hapo utafumua, utaosha na kusuka upya. Siku ya harusi mwamshe mapema, mpe chai na mkate, mkalishe mlangoni penye mwanga. Matuta manane ni kazi ya saa moja, na akichoka katikati mwache akakimbie kidogo kisha arudi.