Maswali na Majibu: Kuiamini Kompyuta

Tovuti ina alama ya kufuli kwenye kivinjari. Niiamini?

Kufuli linakwambia mambo mawili tu: mazungumzo yenu yamefichwa njiani, na upande wa pili ni mwenye jina lile lililoandikwa juu. Mwenye jina akiwa tapeli, unaongea na tapeli kwa siri. Vyeti vinavyoleta kufuli hilo, kama vile vya shirika la Let's Encrypt, hutolewa bure, tena na programu, wala hakuna anayeuliza tabia ya mwombaji. Soma jina lenyewe, ukianzia kulia, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile ya https://: benki.example.com ni mali ya example.com, si ya benki.

Nikiingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa usalama, mara ya kwanza, naulizwa kama naikubali. Huwa naandika "yes" nikaendelea. Kuna ubaya?

Upo, ingawa karibu kila mtu hufanya hivyo. Umemfungulia mgeni mlango kwa sababu amejitaja jina. Mwombe msimamizi aendeshe amri hii kwenye seva yenyewe:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Akutumie yale maandishi yanayoanza na SHA256, yaani alama ya kutambulisha ufunguo wa seva, kwa njia nyingine unayoiamini. Yabandike mahali pa "yes"; matoleo ya karibuni ya OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, hulinganisha yenyewe. Ukilinganisha kwa macho, fika mwisho, maana herufi tano za mwanzo hazitoshi.

Ukikubali, ufunguo wa seva huhifadhiwa kwenye kompyuta yako, katika faili la known_hosts. Siku ukionywa kwamba umebadilika, usikimbilie kuufuta. Huenda seva imesakinishwa upya, huenda kuna mtu kakaa kati yako na seva. Uliza kwanza, ndipo utumie ssh-keygen -R na jina la seva.

Rafiki wa rafiki ni rafiki. Na funguo za GnuPG, programu ya kuficha ujumbe na kutia sahihi, je?

Nusu nusu. GnuPG hutenganisha maswali mawili tunayoyachanganya: ufunguo huu ni wa Asha kweli? Na Asha huwa makini anapotia sahihi funguo za wengine? Usipobadilisha mipangilio, ufunguo hukubalika ukiwa na sahihi 1 ya mtu unayemwamini kikamilifu, au 3 za unaowaamini kiasi, na mnyororo usizidi hatua 5. Kwamba Asha hulipa madeni kwa wakati hakumo kwenye hesabu hiyo.

Programu ya kuzungumza ikisema "samahani, nimekosea", itajirekebisha?

Samahani ya mtu ina uzito kwa kuwa ataona haya akirudia. Programu haina haya. ELIZA, programu ya kuzungumza ya Joseph Weizenbaum ya mwaka 1966, mara nyingi iligeuza tu maneno ya mtu kuwa swali, na bado watu waliifungulia moyo. Fungua mazungumzo mapya, uliza swali lile lile, uone kama kosa limerudi.