Sweta imerudi sio yake! Maswali yenu kuhusu majina kwenye nguo za shule

Shule zikikaribia kufunguliwa barua za nguo zinazopotea huwa zinakuja nyingi, nimechagua tatu maana ukizisoma hizi tatu karibu umesoma zote.

SWALI: Habari dada. Nina watoto watatu, wawili wako msingi na mdogo ndio anaanza chekechea muhula huu. Mwaka jana nilinunua maka peni nyeusi nikaandika majina kila nguo usiku mzima nikajua kazi imeisha. Mwezi haukuisha majina yakabaki kama moshi, huwezi kusoma, na kwenye mashati meupe wino ulitokeza mpaka nje mgongoni. Sweta ya wa katikati ikarudi sio yake, mikono inaishia karibu na kiwiko. Nilivyoenda kuuliza mwalimu akanionyesha rundo la masweta yote rangi moja. Nifanyeje safari hii? – Mama wa Watatu

JIBU: Pole sana mama, tena umenikumbusha lile rundo, hakuna kitu kinaumiza kama kusimama mbele ya masweta thelathini yanayofanana na moja wapo ulilinunua kwa jasho lako.

Kwanza nikuulize, uliandika kabla hujazifua? Nahisi ndio, wengi tunafanya hivyo kwasababu nguo mpya inapendeza hatutaki kuiloweka. Sasa shida iko hapo. Nguo nyingi zinatoka kiwandani zimepakwa dawa ya kuzifanya zinyooke na zikae ngumu, ukiandika juu yake wino unashika ile dawa haushiki kitambaa, siku ya kwanza ukifua dawa inaondoka na jina linaondoka nayo. Kwahiyo safari hii fua kwanza, kwa sabuni ya kawaida tu bila ile dawa ya kulainisha nguo, zikauke kabisa ndio ushike kalamu. Na kalamu yenyewe tafuta ile iliyoandikwa ni ya kitambaa, maka ya kuandikia maboksi haikutengenezwa kuvumilia sabuni na kusuguliwa kila wiki.

Ukiandika shati, ingiza kipande cha kadibodi ndani katikati ya kitambaa cha mbele na cha nyuma, wino hautapita. Vuta kitambaa kidogo kisikunjane, andika kwa mkono mwepesi, usikandamize maana pale unapokaa na kalamu ndipo wino unaposambaa. Vitambaa vya poliesta vinasambaza wino vibaya, jaribu kwanza nukta moja kwenye pindo la ndani uone. Ikikauka weka kitambaa chepesi juu alafu pitisha pasi ya moto bila mvuke, kwa kiwango cha moto ambacho nguo yenyewe inavumilia, wino nyingi za nguo zinatulia vizuri zikipata joto.

Lakini ukiniuliza mimi mwenyewe naamini nini, nitakwambia uzi. Wino utafifia tu hata ufanye nini, uzi ukishonwa vizuri unaweza kudumu mpaka nguo yenyewe ichakae. Kwa sweta ya rangi nzito ambayo maka haionekani kabisa, kata utepe mweupe wa pamba kama sentimita 6, shona jina juu yake kwa uzi wa rangi, upige pasi, kunja ncha zote mbili kwa ndani zisichanuke alafu shona pande zote nne kwa hatua ndogondogo. Nasema nne kwa makusudi, ukishona ncha mbili tu unabaki ule upenyo katikati, kidole cha mtoto kinaingia siku anavua haraka haraka na utepe unachanika.

Na usiweke nyuma ya shingo, panawasha, mtoto atakaa anajikuna darasani mpaka aung'oe. Weka kwenye mshono wa ubavuni kwa ndani, chini karibu na pindo. Suruali, kaptura na sketi weka ndani ya kiuno.

Kuhusu kurithishana (maana najua hilo sweta la mkubwa litamfikia mdogo), usiandike jina la mtoto, andika jina la ukoo alafu weka nukta. Mkubwa nukta moja, nguo ikishuka kwa wa pili unaongeza moja, ikifika kwa wa tatu unaongeza nyingine. Hamna kufuta wala kufumua.

SWALI: Nimenunua stika za majina za kubandika kwa pasi, zimeandikwa vizuri kabisa lakini zinabanduka. Za kwenye soksi ndio hazikumaliza hata wiki. Nimetapeliwa?

JIBU: Hapana hujatapeliwa, ila soksi sio mahali pake. Soksi inavutika stika haivutiki, lazima ziachane. Soksi shona uzi wa rangi hatua tatu nne karibu na vidole, usikaze sana. Kwa nguo nyingine, zima mvuke kwenye pasi, na usiitembeze, kandamiza imetulia pale pale kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, acha ipoe kabisa ndio uiguse, alafu subiri siku nzima kabla ya kufua. Sufu na majaketi ya mvua achana nayo, hayo unashona tu.

SWALI: Dada mimi ni baba nalea mwenyewe, mwanangu ana miaka minne hajui kusoma hata jina lake. Sasa jina litamsaidia nini? Na nimewaza nimshonee jina kubwa kifuani kwa nje ili kila mtu amjue, ni wazo zuri?

JIBU: Kaka yangu hongera kwa malezi, na swali lako la kwanza watu wengi hawaliwazi. Jina ni la mwalimu, mtoto anahitaji alama yake yeye. Chagua rangi moja ya uzi, tuseme kijani, kila nguo yake shona alama ya msalaba mdogo wa kijani pembeni ya jina, pale pale kila siku, usibadilishe mahali. Kwenye viatu chora nusu ya nyota ndani ya kiatu cha kulia na nusu ndani ya cha kushoto, akivipanga vizuri nyota inakamilika, hapo kajua vyake na kajua mguu upi. Ufunike mchoro kwa selotepu ya uwazi maana jasho la mguu linafuta kila kitu.

La jina kifuani kwa nje naomba sana usifanye. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake barabarani, mtoto wa miaka minne anaamini huyo ni mtu wa nyumbani, anamfuata. Jina likae ndani. Na usiandike anwani ya nyumbani, jina la ukoo na namba yako ya simu vinatosha.

Usimalize kila kitu akiwa amelala. Mkalishe karibu wakati unashona, mwache achague yeye ile rangi, alafu zichanganye nguo zake na zako kitandani umwambie atafute za kwake. Fanya hivyo jioni mbili tatu kabla shule haijafunguliwa, siku mwalimu akiinua sweta juu na kuuliza ya nani, mkono wake utaenda kwenye pindo kutafuta kijani.