Niliandika "Farasi wa bure" nikapata jumbe arobaini. Nimpe nani?

Swali: Daktari, mimi ni saisi huku Limuru, huu mwaka wa tisa. Mwajiri wangu amehamia Uingereza na kuniachia farasi wake, dume aliyehasiwa, miaka 16, aliyewahi kukimbia pale Ngong. Aliniambia, "Ni wako sasa, mtafutie watu wazuri." Aliumia kano ya mguu wa mbele wa kushoto zamani, haruki tena vizuizi. Shamba linauzwa na lazima tuondoke mwisho wa mwezi ujao. Niliweka picha yake Facebook nikaandika "Farasi wa bure, anayemtaka aje." Kwa siku moja nimepata jumbe zaidi ya 40, na mmoja anataka kuleta lori usiku huu. Nitachaguaje? Tena kuna dada anamtaka kwa dhati, ila anasema atambadilisha jina. Si mkosi huo?

Jibu: Ndugu yangu, lifute tangazo hilo kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Huyo wa lori mwambie farasi ameshapata mtu.

Chukua futi ya kushonea nguo. Izungushe kifuani mwa farasi, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha umpime urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 11,880. Ukipata sentimita 180 na 160, basi una mnyama wa kilo kama 436. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni nyama. Sasa pita buchani uulize bei ya kilo moja, na utajua kwa nini neno "bure" limekuletea watu 40 na lori moja la usiku. Si wote wabaya. Lakini anayepitisha nyama gizani bila muhuri wa daktari hatafuti tangazo zuri kuliko lako. Kwa punda tuliyaona: wizi ulizidi vijijini hadi serikali ikatangaza kuyapiga marufuku machinjio yao mwaka 2020.

Kwa hiyo weka bei. Isiwe ya kukutajirisha, iwe ya kumfanya mtu wa nyama aone hapati kitu. Ukiona haya kupokea pesa, mrudishie mnunuzi baada ya miezi sita ukimkuta farasi yuko salama. Nimewahi kuona mtu akifanya hivyo.

Kabla ya tangazo jipya kuna jambo ambalo hukuniuliza. "Ni wako sasa" uliyaambiwa kwa mdomo. Mnunuzi makini atakuuliza karatasi, na polisi wa barabarani atakuuliza vilevile. Mwandikie mwajiri wako akutumie barua yenye sahihi inayosema amekukabidhi farasi, pamoja na pasipoti yake ya mbio na namba ya chipu iliyopachikwa chini ya ngozi yake, kama anayo. Chipu ya kawaida ina tarakimu 15. Daktari yeyote mwenye kisomeo ataisoma shingoni upande wa kushoto.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa farasi mwenye miaka 16 na mguu mbovu methali hiyo haitusaidii, hana budi kujitembeza. Na ajitembeze na ubovu wake mbele. Tangazo lako lilikuwa kama neti ya dagaa, likazoa kila kitu. Unataka lenye matundu makubwa, wapite wasiomfaa. Mimi ningeandika hivi (nimejaza ninayoyakisia, wewe weka ya kweli):

"Farasi dume aliyehasiwa, miaka 16, mikono 15.2, kilo kama 435, rangi ya kahawia. Alikimbia Ngong, sasa amestaafu. Kano ya mguu wa mbele kushoto iliumia: anafaa kupandwa kwa kutembea na mchakamchaka mfupi, hafai kuruka wala kubeba watoto kutwa. Anashikika malishoni, anapanda gari, hamsumbui fundi wa kwato. Hawezi kukaa peke yake. Chakula kikichelewa anapiga mlango mateke. Amewahi kupewa fenilibutazoni, nyama yake haifai kuliwa. Ana bei, ana mkataba, na lazima nione atakapoishi. Limuru."

Tazama sentensi ya nyama. Fenilibutazoni ni ile dawa ya maumivu ambayo karibu kila farasi wa mbio ameionja, na Ulaya farasi aliyepewa haruhusiwi kabisa kuchinjwa kwa chakula. Kama kweli aliipewa, iandike. Inafukuza watu bila wewe kugombana na mtu.

Mikono 15.2 si desimali. Ni mikono 15 na inchi 2, na mkono mmoja ni inchi 4, kwa hiyo inchi 62, au sentimita 157 na nusu. Ukiandika 15.5 wajuzi watacheka. Na umri usiupunguze. Kuna mfereji unaoanza kuonekana kwenye jino la pembeni la juu akiwa na miaka kama 10, hufika katikati ya jino karibu miaka 15 na mwisho wa jino karibu 20. Haupimi kama saa, lakini anayeufahamu atamfungua mdomo farasi wako kabla hajakusalimia.

Picha: moja ya ubavu mzima, amesimama mahali tambarare, bila tandiko wala blanketi. Moja ya huo mguu wenye kovu, kwa karibu. Kisha video fupi ukimtembeza na kumkimbiza mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, akienda na akirudi. Akichechemea, achechemee mbele ya kamera. Hakikisha lango na kibao cha shamba havionekani. Wezi wa tandiko nao wanasoma matangazo.

Ukumbi: Marketplace ya Facebook hairuhusu wanyama, tangazo linaweza kuondolewa siku ileile. Afadhali vikundi vya WhatsApp vya wapanda farasi, shule za upandaji za Karen na Lang'ata, na mafundi wa kwato, ambao wanajua kila banda na kila mwenye deni. Mpigie wako kwanza. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, pia waarifu, hata kama ni kwa ushauri tu.

Watakaokupigia, usiwaulize kama wanapenda farasi. Wote watasema ndiyo. Uliza: atakula nini, kiasi gani kwa siku? Farasi wa kilo 435 anahitaji majani makavu kilo 7 hadi 9, na maji lita 25 hadi 45, zaidi kukiwa na joto. Anayejua atakutajia beli zake za nyasi kavu za boma rhodes na bei ya kiangazi. Asiyejua atasema "tuna nyasi nyingi." Uliza kwato zinakatwa kila baada ya muda gani, jibu ni wiki 6 hadi 8. Uliza farasi wake wa mwisho yuko wapi leo. Hapo wengi huanza kutafuta mtandao.

Mwenye farasi wa kupandisha watoto ufukweni Mombasa au kwenye bustani za mjini simkatai kwa jina lake, wapo wanaowatunza vizuri. Ila kwa kano hiyo, jibu ni hapana.

Kuhusu ufukweni: popote penye joto na unyevu kuliko Limuru, kuna usubi wengi zaidi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake viko aina 9, na farasi asiye na kinga huweza kufa katika siku chache. Achanjwe wiki kadhaa kabla ya safari, na huko aendako alale bandani tangu jua linapozama hadi asubuhi. Chukua pia kibali cha kusafirisha mnyama kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo.

Pesa: angalia salio lako la M-Pesa mwenyewe, usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu. Anayetaka kukutumia zaidi ya bei ili "umrudishie dereva" ni tapeli.

Nenda ukaone banda kwa macho yako. Mpe farasi wiki mbili za majaribio, kisha wewe na mnunuzi mtie sahihi mkataba wa ukurasa mmoja: asishindanishwe mbio, na asiuzwe wala kupewa mtu mwingine kabla wewe hujaulizwa kwanza. Mpeleke na beli tatu nne za majani aliyoyazoea, achanganyiwe na mapya polepole kwa siku 7 hadi 10, la sivyo tumbo litamsokota.

Na mwezi ukiisha hujapata mtu anayefaa? Niite nimtazame mguu. Kama anaumia kila siku, kumlaza kwa sindano asiamke tena, wewe ukiwa umeshika kamba, ni bora kuliko lori la yule bwana. Nimekuambia mapema ili lisikujie siku ya mwisho.

Huyo dada naye, muulize yale maswali kama wengine. Jina lililosajiliwa la mbio libaki kwenye karatasi. Nyumbani amwite apendavyo. Farasi wako anaitikia mlio wa ndoo yako, na ndoo hiyo unaweza kumpa aondoke nayo.