Nilimwambia mke wangu nimeshapita Kilwa, kumbe bado niko Lindi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili na tunaishi Kigogo, Dar es Salaam. Mwishoni mwa Aprili 2024 kampuni ilinituma Mtwara kupeleka vipuri vya mashine za kubangulia korosho. Jumamosi ya tarehe 4 Mei tulianza safari ya kurudi, tukakwama Lindi kwa sababu barabara ilikatika huko mbele, upande wa Somanga. Sikutaka kumtia mke wangu hofu, nikamwambia tumeshapita Kilwa. Jumapili mchana nikamtumia ujumbe wa sauti kwamba tumebakiza daraja moja tu. Usiku huo maji yaliingia ndani. Watoto walibebwa na kijana mpangaji mwenzetu, ambaye hata kandambili zake zilichukuliwa na maji, wakalala kwa mjumbe. Nilifika siku kadhaa baadaye. Tangu hapo mke wangu ananipakulia chakula na kuitikia salamu, basi. Nikianza kujieleza, anafungua ule ujumbe wa sauti nausikia mwenyewe. Nimefikiria kumnunulia friji mpya badala ya ile iliyoharibika na kumtuma mjomba wangu akazungumze naye. Kosa langu ni lipi, ikiwa mvua ni ya Mungu? Tena sipendi jinsi kijana yule anavyozoea kuingia kwangu siku hizi.
Msafiri, Kigogo

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari, na pole zaidi kwa mama watoto wako, ambaye katika barua yako yote sikuona mahali ulipomwandikia neno hilo.

Nianze na lile ambalo halina ubishi. Hakuna anayekudai mvua. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia siku ileile mliyoanza safari, na mtu yeyote aliyekuwa kwenye barabara ya kusini wakati ule anajua kwamba gari halipiti palipobaki shimo lenye maji yanayokimbia. Pwani yetu haikuzoea vimbunga. Wazee wa Lindi bado husimulia kile cha mwaka 1952 kama jambo la kipekee. Mkeo anayajua haya pengine kuliko wewe, kwa kuwa wewe ulikuwa gesti na yeye alikuwa mbele ya redio. Kwa hiyo, unapomwendea na maneno ya kwamba mvua ni ya Mungu, unajibu shtaka ambalo hakulifungua, na ndiyo maana anaufungua ule ujumbe wako. Anakuonyesha shtaka lenyewe.

Usikilize mara moja kwa masikio yake. Jumapili mchana, maji yakiwa bado mtaroni, njia ya kwenda kwa ndugu au kwa rafiki anayekaa mlimani ikiwa bado inapitika, alikuwa na saa chache za kuamua: afunge mlango, abebe watoto na bahasha ya vyeti aondoke, au abaki. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mumewe yuko daraja moja kutoka alipo hafungi nyumba. Anachemsha chai, anamwekea maji ya kuoga, anasubiri mikono miwili ya ziada ya kupandisha friji juu ya matofali. Angejua kwamba uko Lindi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kigogo na barabara haipo, angehesabu mikono yake mwenyewe na kuondoka kukiwa bado na mwanga. Wewe ulidhani umemwondolea hofu. Ulichomwondolea ni zile saa chache.

Tena hofu hiyo uliyotaka kumkinga nayo alikuwa nayo tayari. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alikuwa amelieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Mtu anayeishi karibu na bonde la Msimbazi akisikia hesabu kama hiyo anatoka nje kuutazama mtaro wake. Mkeo hakuhitaji kutulizwa kama mtoto. Alihitaji kujua mwenzake yuko wapi ili apange.

Nitakusimulia jambo la kwetu kusini, maana nimezaliwa huko. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na msafiri wa masika hakutaja siku ya kurudi hata aulizwe mara tatu. Alisema, “Mkiniona, nimefika.” Wake waliobaki nyumbani hawakulipenda jibu hilo, lakini walijipanga kwa kulifuata: unga ulipimwa na mtoto mkubwa alijua aende kwa nani usiku. Leo kwa kuwa tuna lami na simu, tunajiona tunadaiwa saa kamili ya kufika, na tukiikosa tunaitunga.

Sasa, la kufanya. Friji iache kwanza. Itanunuliwa, chakula hakiwezi kuharibika kila siku, lakini isiingie nyumbani kabla ya maneno, kwa sababu itaonekana ni bei ya kunyamazishwa. Mjomba naye abaki kwake. Mjomba huitwa wawili wanapovutana juu ya jambo lenye pande mbili. Hapa upande wa pili sijauona, na mzee wa watu atakaa sebuleni akisema subira, huku mkeo akilazimika kumpikia.

Nenda wewe mwenyewe, watoto wakiwa wamelala. Mwambie kwa utaratibu siku hadi siku ulikuwa wapi hasa: Jumamosi Lindi, Jumapili Lindi, ulilala chumba gani, ulipewa habari gani za barabara na nani, na uliposema daraja moja ulikuwa umekaa wapi. Usiweke neno “lakini” popote. Kisha muulize angefanya nini Jumapili ile kama angejua, unyamaze, na umsikilize hadi mwisho hata akirudia jambo lilelile mara nne. Akifungua tena ujumbe wa sauti, usimwombe aufute. Ataufuta siku atakayotaka, au hataufuta kabisa.

Kampuni itakutuma tena, hilo tusidanganyane, na masika yatarudi kila Machi. Kabla hujapanda gari safari ijayo, mkeo awe na pesa ya dharura kwenye simu yake yeye, wala si ahadi ya kutumiwa, na mkubaliane wazi kwamba ukiwa mbali amri ya kuhama ni yake bila kukusubiri wala kukuuliza. Wewe kazi yako iwe kutaja jina la mahali ulipo. “Niko Lindi, njia imefungwa, sijui lini.” Sentensi hiyo itakuwa chungu kuitamka ukiwa mwanamume mwenye familia inayolowa, nakuelewa, na ninaamini ndiyo iliyokushinda ile Jumamosi.

Nimeiacha mwisho habari ya kijana kwa sababu na wewe uliichomeka mwisho, kama mtu anayesahau. Katika maelezo yako yote sikuona kosa lake hata moja. Nimeona mtu aliyewabeba wanao ndani ya maji machafu gizani, mahali ambapo ulipaswa kuwa na hukuwa, na naona ni hilo linalokuuma ukimwona mlangoni kwako. Mkeo naye analiona, amini usiamini, na kila ukikunja uso kijana akipiga hodi unamwongezea sababu ya kunyamaza. Mgongee mlango mchana, mkeo akiwepo, umshukuru kwa jina lake. Na kwa kuwa uliandika kwamba maji yalichukua kandambili zake, mnunulie jozi mpya. Muulize kwanza anavaa namba ngapi.