Sarafu moja, nchi nyingi: mfanyabiashara wa nje anapata nini?

Mkuu, umeuliza kama nchi zikiungana sarafu, mtu anayefanya nazo biashara akiwa nje ya umoja huo anafaidika au anaumia. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni inayonunua na kuuza vipuri vya mashine Ulaya, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyaona kwenye makaratasi.

Ankara za Ujerumani, Italia na Hispania zote zinakuja kwa yuro. Kabla ya 1999 zingekuwa maki, lira na peseta, kila moja na kiwango chake na makato yake ya benki. Siku hizi mteja wa Ufaransa akitulipa, fedha hiyohiyo inakwenda kwa muuzaji wa Milano bila kubadilishwa. Bei nazo hazijifichi: pampu ileile ikiwa ghali Ujerumani kuliko Hispania, unaiona hapohapo na unambana muuzaji. (Angalizo: Poland na Cheki zimo Umoja wa Ulaya lakini zina sarafu zao. Isome ankara kabla hujasaini.)

Wengi wanachosahau ni kwamba hatari haijaondoka. Nchi yenye sarafu yake ikielemewa, sarafu inashuka na bidhaa zake zinapata wanunuzi. Ugiriki mwaka 2010 haikuwa na njia hiyo. Riba inapangwa na Benki Kuu ya Ulaya, iliyoko Frankfurt, kwa wanachama wote, basi vikashuka mishahara na pensheni, na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 25. Mwisho wa Juni 2015 benki zikafungwa, mtu akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku, na malipo ya kwenda nje yakahitaji kibali. Yaani mteja ana yuro benki na bado hawezi kukulipa.

Afrika nako kuna faranga ya CFA, sarafu ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati, ambayo thamani yake ilifungwa kwa faranga ya Ufaransa. Januari 1994 faranga moja ya Ufaransa ilitoka CFA 50 ikawa CFA 100, kwa mkupuo. Mwagizaji mwenye deni la nje aliamka deni lake limekuwa maradufu.

Kwa dunia nzima, yuro ni sarafu ya pili kwa akiba za benki kuu baada ya dola, hivyo Frankfurt ikipandisha riba, hata serikali isiyo mwanachama iliyokopa kwa yuro inaguswa.

Ushauri wangu: mkataba ukiandikwa kwa yuro, uliza pia malipo yanatoka benki ya nchi gani.